Chujio la Samaki ni Zizi

Leo hatutazungumza juu ya mahindi wala viazi mviringo, ingawa mbolea zake zitatajwa hapo mbele. Leo tunazungumza juu ya samaki wanaofugwa ndani ya nyumba katika tangi la kioo, na hasa juu ya chombo kinachowapa uhai samaki hao, yaani chujio la mtungi.

Najua wako watakaosema, "Aa, hayo ni mambo ya watu wa mjini." Subirini kidogo. Historia ya chujio hili imepita katika shamba, katika mbolea na katika bwawa, na mwisho wake imefika hata kwenye Ziwa Nyasa letu. Anayelijua chujio vizuri atalijua na shamba lake vizuri zaidi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Hapa Ramadhani, mjini Njombe, nilikuwa na vifaranga 12 wa perege katika tangi la lita 100. Nilitaka wakue mahali penye joto kidogo kabla ya kuwapeleka bwawani. Chujio nililinunua Dar es Salaam likaja kwa basi, nikaenda kulipokea njia panda ya Makambako. Likafanya kazi miezi mitatu bila tatizo. Jumamosi moja nikalifungua nikakuta ndani utelezi wa rangi ya kahawia umeshika kila kitu. Nikasema, loo, uchafu gani huu! Nikaosha kwa maji ya bomba, nikasugua kwa brashi, sponji nikazichemsha kabisa. Nikarudisha vyote vinang'aa.

Siku ya nne samaki walikuwa juu ya maji wanahema. Siku ya sita walikuwa wamekufa 9. Na maji, ndugu zangu, yalikuwa maangavu kuliko siku zote.

Nikamwita bwana samaki. Akatazama, akaniuliza, "Mzee, ulifanya nini kabla ya hapo?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema, "Umechoma zizi na ng'ombe wakiwa ndani." Sikumwelewa. Ilinibidi nisome ndipo nikaelewa, na hayo niliyoyasoma ndiyo nataka tushirikiane leo.

Mchanga unaochuja maji

Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba chujio ni kama chekeche. Chekeche hupitisha unga na kuzuia pumba. Vivyo hivyo, walidhani, mchanga hupitisha maji na kuzuia tope. Basi.

Mwaka 1804 huko Paisley, Scotland, Bwana John Gibb alikuwa na kiwanda cha kupausha nguo. Alihitaji maji safi kwa kazi yake, akajenga chujio la kokoto na mchanga. Maji yaliyozidi aliyauza kwa watu wa mji. Mwaka 1829 mhandisi James Simpson akajenga chujio kubwa la mchanga la kampuni ya maji ya Chelsea, London, kwa kusafisha maji ya mto Thames. Watu waliyasifu maji hayo kwa sababu yalikuwa maangavu. Hawakujua bado kwamba mchanga ule ulikuwa ukifanya kazi nyingine iliyo kubwa zaidi.

Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 1892 huko Ujerumani. Kulikuwa na miji miwili inayopakana, Hamburg na Altona, yote ikinywa maji ya mto Elbe. Hamburg ilichota maji bila kuyachuja. Altona ilikuwa chini yake, ikapokea maji ambayo Hamburg imekwisha kuyachafua, lakini iliyachuja kwa mchanga. Kipindupindu kikaingia. Hamburg walikufa watu zaidi ya 8,000. Altona ugonjwa ulikuwa mdogo sana. Palikuwa na mtaa mmoja mpakani ambao upande unaotumia maji ya Hamburg uliugua, na upande wa pili, unaotumia maji ya Altona, ukasalimika.

Mchanga hauwezi kuzuia kijidudu cha kipindupindu kwa udogo wa matundu yake tu, maana kijidudu hicho ni kidogo mno. Juu ya mchanga wa chujio hujengeka ngozi ya utelezi, yenye viumbe vidogo vingi visivyohesabika. Viumbe hao hula uchafu na kula vijidudu vingine. Ndiyo maana wasimamizi wa machujio hayo wakishakwangua ngozi hiyo, hawayatumii maji mara moja. Huyaacha yapite kwa muda mpaka ngozi mpya ijengeke. Utelezi ule ule niliouita uchafu ndio uliokuwa mfanyakazi.

Baba na mwana

Sasa tuje kwenye samaki. London kulikuwa na mkemia mmoja, Robert Warington, aliyefanya kazi katika chama cha watengeneza dawa. Mnamo 1849 aliweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha maji ya takriban lita 50, akapanda na mimea ya majini. Majani yalipooza, maji yakachafuka. Akatia konokono, nao wakala majani yaliyooza, na chombo kikatulia. Mwaka 1850 alitoa habari hiyo mbele ya wanakemia wenzake. Alikuwa amegundua kwamba samaki, mmea na konokono wanaweza kusaidiana katika chombo kimoja, kama vile mkulima anavyoweka ng'ombe, samadi na mahindi katika shamba moja. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki wa kutazamwa na watu wote, na ufugaji wa samaki katika vioo ukaenea Ulaya.

Lakini swali moja lilibaki. Samaki hutoa mkojo na kinyesi, na chakula kisicholiwa huoza. Vyote hivyo hutoa amonia. Amonia ni sumu kwa samaki. Ni ile inayochoma pua ukiingia katika banda la kuku lisilosafishwa. Sasa katika tangi lililotulia amonia hiyo huenda wapi?

Jibu halikutoka kwa wafuga samaki. Lilitoka kwa watu wa mbolea.

Mwaka 1877 huko Ufaransa wanasayansi wawili, Schloesing na Müntz, walichukua bomba refu wakalijaza mchanga na mawe ya chokaa. Juu wakatia maji machafu ya mji, wakayaacha yapite polepole. Siku 20 za kwanza hakikutokea kitu, amonia ilitoka chini kama ilivyoingia juu. Baada ya hapo amonia ikaanza kupungua, na badala yake ikatoka naitreti, ambayo ni chakula cha mimea.

Kama kazi hiyo ingekuwa ya mchanga na chokaa peke yake, ingeanza siku ya kwanza. Kwa nini ilisubiri siku 20? Wakapitisha mvuke wa klorofomu, dawa inayolaza na kuua viumbe. Naitreti ikakoma kutoka. Mchanga ulikuwa ule ule, na chokaa ile ile, lakini kazi imesimama. Kisha wakatia maji yaliyokorogwa na udongo kidogo wa bustani, wakasubiri, na kazi ikaanza tena. Hapo ikajulikana kwamba wanaofanya kazi hiyo ni viumbe hai wanaokaa juu ya mchanga.

Nilipoisoma habari hiyo niliona aibu, maana maji ya bomba yenye klorini na sufuria ya moto ndivyo vilivyokuwa klorofomu yangu.

Huko Uingereza, katika shamba la utafiti la Rothamsted, mtu aliyeendeleza uchunguzi huo aliitwa naye Robert Warington. Alikuwa mwana wa yule Warington wa samaki wa dhahabu! Baba alifuga samaki katika kioo, na mwana akachunguza mbolea katika udongo, na kumbe walikuwa wakitazama jambo moja. Mwana alionyesha kwamba kazi hiyo ina hatua mbili. Kwanza amonia hugeuzwa kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu kwa samaki, maana huifanya damu yao iwe ya rangi ya kahawia isiyoweza kubeba hewa. Kisha naitraiti hugeuzwa kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Mwaka 1890 Mrusi Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kiev, akafaulu kuwatenga bakteria wenyewe na kuthibitisha kwamba makundi mawili hupokezana kazi. Uchunguzi haukuishia hapo. Mwaka 1998 watafiti walikuta kwamba katika matangi ya samaki bakteria wa hatua ya pili ni wa jamii nyingine kuliko ile iliyodhaniwa, na mwaka 2015 wakapatikana bakteria wanaoweza kuzifanya hatua zote mbili peke yao.

Mkulima wa Njombe analijua jambo hili bila kulijua. Mbolea ya SA ina amonia. Ukiiweka kwenye mahindi, bakteria wa udongo huigeuza kuwa naitreti, na mahindi huinyonya. Mbolea ya CAN ina amonia nusu na naitreti nusu, ndiyo maana huonyesha kazi haraka. Bakteria hao wa shamba lako na wale wa chujio la samaki ni ndugu.

Mtungi wenyewe

Katika miaka ya 1960 kiwanda cha Gunther Eheim huko Ujerumani kilianza kutoa machujio ya mtungi. Kabla ya hapo wafugaji walitumia visanduku vidogo ndani ya tangi, vilivyosukumwa kwa mapovu ya hewa. Visanduku hivyo vilijaa upesi, na nafasi ya bakteria ilikuwa ndogo. Mtungi ulikaa nje ya tangi, ukawa mkubwa, ukabeba vitu vingi vya kukaliwa na bakteria.

Miaka hiyo hiyo samaki wenye rangi za kupendeza wa Ziwa Nyasa walianza kusafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya na Marekani. Samaki hao wa miambani huko nje wanajulikana mpaka leo kwa jina la mbuna, ambalo ni jina la wenyeji wa ziwa. Mmoja wao alipewa mwaka 1926 jina la Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyekusanya samaki ziwani mwishoni mwa karne ya 19. Mbuna hula sana, hugombana sana, na hufugwa wengi pamoja, kwa hiyo huchafua maji sana. Chujio la nguvu likawa la lazima kwao. Ziwa hilo ndilo lile linalopakana na wilaya ya Ludewa, katika mkoa wetu wa Njombe. Samaki wa jirani zetu wakaishi katika vioo vya Ulaya kwa msaada wa mtungi, na leo mtungi umerudi kwetu.

Mtungi hufanya kazi hivi. Maji hutoka tangini na kushuka kwa mserereko, kama yale maji ya mserereko yanayotoka mlimani kwenda kijijini. Huingia mtungini na kupita tabaka kwa tabaka. Kwanza ni sponji yenye matundu makubwa, inayozuia mabaki ya chakula na kinyesi. Pili ni pete za udongo wa kuchoma zenye vitundu vingi, ambazo ndizo nyumba za bakteria. Mwisho ni sponji laini. Kisha pampu ndogo ya umeme huyasukuma maji kurudi juu.

Mpangilio huo wa kubwa kwanza na laini baadaye si wa mapambo. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Tolly Mbwette ambaye baadaye alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria, walichunguza namna ya kuchuja maji ya mito ya vijijini. Shida ilikuwa tope la masika, lililoziba machujio ya mchanga kwa muda mfupi. Dawa yake ilikuwa kuyapitisha maji kwanza katika kokoto, kubwa kisha ndogo, ndipo yafike kwenye mchanga. Mtungi wa samaki unafuata njia hiyo hiyo.

Kuchimba na kutunza

Historia yetu wenyewe nayo ina onyo. Ufugaji wa samaki katika mabwawa hapa Tanganyika ulianza kwa majaribio mwaka 1949, huko Korogwe na Malya. Mwaka 1967 Serikali ilianzisha kampeni ya nchi nzima. Mwaka 1968 ilikadiriwa kuwa na mabwawa kama 8,000. Lakini mengi hayakuzaa. Mengine yalikuwa madogo ya mita 20 za mraba, mengine yalikauka, na mengi yalikosa matunzo. Mwaka 1972 ufugaji huo uliingizwa katika sera ya uvuvi, na kazi ikaendelea. Takwimu zilizotolewa na FAO katika miaka ya 2000 zilionyesha mabwawa zaidi ya 3,000 katika mkoa wa Iringa, ambao wakati huo Njombe ilikuwa wilaya yake, na karibu 5,000 mkoani Ruvuma.

Wazee mtakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni mbili walipokusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadili. Watu walichimba vyoo na kufunika visima. Somo lilikuwa kwamba kuchimba ni kazi ya siku chache, na kutunza ni kazi ya miaka. Kwa bwawa ni hivyo, na kwa mtungi wa samaki ni hivyo hivyo.

Namna ya kulitunza zizi

Haya, tuje kwenye kazi. Ukumbuke neno la bwana samaki: una mifugo ya aina mbili. Wa kwanza unawaona wakiogelea. Wa pili huwaoni, wako mtungini, nao ndio wanaowalinda wale wa kwanza.

Kwanza, kuliweka. Mtungi ukae chini ya tangi, mahali palipo sawasawa. Chagua pampu inayozungusha maji ya tangi mara tatu mpaka tano kwa saa. Kwa tangi la lita 100, ni lita 300 hadi 500 kwa saa. Ujaze mtungi maji kabla ya kuwasha, maana pampu ikizunguka bila maji huungua. Waya wa umeme uuache uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Pili, subira. Chujio jipya halina bakteria. Linahitaji wiki nne mpaka sita, na kwa baridi yetu huenda zikazidi. Kumbuka zile siku 20 za Wafaransa. Anza na samaki wawili watatu, uwape chakula kidogo. Ukiwa na jirani mwenye chujio la zamani na samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake uweke katika la kwako. Ni kama kutia mtindi kidogo katika maziwa ili nayo yagande. Wafaransa walitia udongo, lakini wewe usitie udongo wa shamba tangini, unaweza kuwa na dawa au ugonjwa.

Tatu, kuosha. Usioshe kwa sababu kalenda imefika tu, osha maji yanaporudi kwa unyonge. Kwa kawaida ni kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Chomoa umeme, funga mabomba, fungua mfuniko. Chota maji ya tangi katika ndoo, ukamue sponji humo mpaka tope litoke. Pete uzitikise tu katika maji hayo hayo. Usitumie sabuni, wala maji ya moto, wala maji ya bomba yaliyotiwa klorini. Kama una sponji mbili, osha moja leo na nyingine baada ya wiki mbili. Usiwahamishe mifugo wote siku moja. Utelezi wa kahawia uliobaki uache, ndio kundi lenyewe.

Kile kipande kinachozunguka ndani ya pampu kitoe, ukisafishe kwa kijiti chenye pamba. Mpira wa mfuniko uupake mafuta ya silikoni. Mafuta ya petroli na mafuta ya kujipaka huuharibu, ukaanza kuvuja usiku ukiwa umelala.

Ndoo yoyote iliyowahi kutumika kwa dawa za kunyunyizia viazi isikaribie tangi. Dawa za ukungu zenye shaba huua samaki hata zikiwa kidogo. Na dawa ya kutibu samaki ukiimwaga ovyo, nayo huua bakteria wa chujio, maana dawa ya kuua vijidudu haichagui mwema na mbaya.

Nne, maji. Chujio halimalizi kila kitu. Naitreti hubaki na kujikusanya. Kwa hiyo kila wiki toa robo ya maji, uweke mengine. Maji ya bomba yaache katika ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke, na yasiwe baridi sana kuliko ya tangini. Maji uliyoyatoa, pamoja na tope la sponji, yamwage kwenye mchicha au kabichi, ikiwa hukuyatia chumvi wala dawa. Ni mbolea.

Tano, chokaa. Bakteria wanapoigeuza amonia, maji huingia uchachu, kama vile SA inavyoutia udongo uchachu ikitumika miaka mingi. Maji mengi ya nyanda za juu hayana chokaa nyingi, kwa hiyo hugeuka upesi, na bakteria hulegea. Kipande cha jiwe la chokaa ndani ya mtungi husaidia. Wale Wafaransa hawakuchanganya mchanga wao na mawe ya chokaa bure.

Sita, baridi. Mwezi wa sita na wa saba hapa Njombe tunaota moto, na shambani huanguka jalidi. Maji yakipoa bakteria hufanya kazi polepole sana, na perege naye hula kidogo. Basi punguza chakula. Wape kile wanachomaliza kwa dakika mbili tatu, usiwaonee huruma. Chakula kinachobaki ndicho amonia ya kesho. Asiye na chombo cha kupasha maji joto afadhali afuge samaki wa dhahabu, wanaovumilia baridi, kama alivyofanya Warington.

Saba, umeme ukikatika. Bakteria hawa wanahitaji hewa, na hewa huletwa na maji yanayozunguka. Mtungi uliofungwa ukisimama saa kadhaa, hewa huisha, mifugo hufa, na maji ya ndani hunuka kama yai viza. Umeme ukirudi, pampu huyasukuma maji hayo yote kwa samaki. Wengi wamepoteza samaki hivi, wakadhani ni kukatika kwa umeme kulikoua, kumbe ni kurudi kwake. Umeme ukikatika zaidi ya saa moja au mbili, chomoa waya, funga mabomba, fungua mfuniko, uweke sponji na pete katika beseni lenye maji kidogo ya tangi ili zipate hewa. Samaki nao usiwape chakula, na uwachotee maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara ili yapate hewa. Umeme ukirudi, mwaga maji yaliyolala mtungini ndipo urudishe.

Asiye na umeme kabisa asihuzunike. Bwawa halihitaji mtungi. Tope la chini na mimea ya kando ndiyo chujio lake, na bakteria ni wale wale. Sheria nayo ni ile ile: usizidishe samaki, usizidishe samadi wala chakula kupita uwezo wa hao wasioonekana.

Ndugu zangu, mimi nilianza upya. Wale vifaranga watatu waliobaki niliwabadilishia maji kila siku kwa wiki tano, mpaka chujio likakomaa tena. Sasa nikifungua mtungi na kuuona ule utelezi wa kahawia, sisemi tena uchafu gani huu. Ninatikisa polepole, ninafunika.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini maji maangavu si lazima yawe maji salama kwa samaki? Je, kwa watu?

2. Katika jaribio la mwaka 1877, siku 20 za kwanza zinatufundisha nini sisi tunaoanza na chujio jipya?

3. Mbolea ya SA ikiwekwa shambani hupitia njia gani kabla ya mahindi kuinyonya? Linganisha na amonia ya samaki.

4. Katika kijiji chenu kuna kitu gani kilichojengwa vizuri kikaharibika kwa kukosa matunzo? Nani angepaswa kukitunza, na leo mwaweza kuanza wapi?